Mawazo Yanapoingia Ndani ya Swala

“Assalamu alaykum, Mwalimu. Nina umri wa miaka 27 na ninafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi hapa Kisenyi, Kampala. Kazi yangu ni kupima magunia na kuandika daftari la wateja. Ramadhani iliyopita niliweka nia kwamba nitayalinda mawazo yangu yabaki kwa Mwenyezi Mungu, lakini nahisi tangu hapo nimeharibika zaidi. Nikisema Allahu Akbar tu, hesabu za magunia zinaanza, na siku nyingine najikuta kwenye rakaa ya nne bila kukumbuka nilisoma sura gani. Mchana namsahau Mungu kabisa mpaka adhana inishtue. Linaloniogopesha zaidi ni kwamba kwa miezi miwili sasa, nikiwa katika swala, hunijia maneno machafu juu ya Mwenyezi Mungu ambayo siwezi kuyaandika. Nikiyafukuza yanazidi. Nimeanza kurudia udhu mara tatu au nne, na juzi niliirudia Isha mara tano. Rafiki yangu mmoja anasema nimeingiwa na jini, mwingine anasema nimekuwa mnafiki. Je, mtu anawezaje kuyatawala mawazo yake na kubaki na Mungu siku nzima, hasa akiwa na kazi yenye kelele kama yangu?”

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nataka ujue kwamba hakuna kitu ndani yake kilichonishtua, yakiwemo yale maneno ambayo mkono wako ulikataa kuyaandika. Kazi yangu ni ushauri nasaha, na wengi wanaokuja kukaa nami ni watu wa swala, wanaofunga na kutoa sadaka. Kila mara hutokea mmoja anayefunga mlango vizuri, akainamisha kichwa, kisha akanieleza hali hii hii yako kwa sauti ya mtu anayekiri mauaji.

Nikikuelewa sawasawa, hofu yako ni kwamba mawazo yako yamekuwa shahidi dhidi yako: kwamba kile kinachopita kichwani wakati umesimama mbele ya Mola wako ndicho kinachoonyesha wewe ni nani hasa, na kwamba ungekuwa muumini wa kweli kichwa chako kingekuwa kimya. Hapo ndipo nitakapokupinga. Katika barua yako naona mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja, na nadhani sehemu kubwa ya mateso yako inatokana na kuyachukulia kuwa ni jambo moja. Kuna akili kutangatanga, yaani zile hesabu za magunia. Kuna mawazo machafu yanayoingia bila kukaribishwa. Na kuna kurudiarudia udhu na swala. La kwanza ni hali ya kila binadamu, la pili ni la kawaida kuliko unavyodhani, na la tatu ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa sababu hilo likiachwa hukua.

Nianze na hesabu za magunia. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti ambamo watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, kwa nyakati ambazo hawakuzitarajia, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili zao zilikuwa mahali pengine kabisa. Hivyo ndivyo akili ilivyoumbwa: ikiachwa bila jambo la kuishika, hurudi kwenye mambo ambayo hayajakwisha, nayo mambo yasiyokwisha ya mtu mwenye daftari la wateja ni hesabu. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amenakili kauli ya Khalifa Umar bin al-Khattab kwamba alikuwa akiliandaa jeshi lake hali yumo ndani ya swala. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, ameeleza kwamba shetani humjia mtu katika swala akimwambia, kumbuka hili, kumbuka lile, mpaka mtu asijue ameswali rakaa ngapi. Kisha akafundisha la kufanya: sijda mbili za kusahau. Naomba uitazame vizuri sijda hiyo. Dini iliyoweka sijda maalumu kwa ajili ya kusahau haikutarajia waumini wasiosahau.

Ulipotaja mashine ya kusaga nilikumbuka mfano wa kale wa mtawa mmoja wa Kikristo wa jangwa la Misri aitwaye Musa, uliohifadhiwa na Yohane Kasiano katika karne ya 5. Nautumia bila kusita hata ninapozungumza na Waislamu wenzangu, kwa sababu ni wa kweli. Alisema akili ni kama jiwe la kusagia linalozungushwa na maji: maji yakiwa yanatiririka, msagaji hawezi kulizuia jiwe lisizunguke, lakini ni yeye anayeamua kama atatia ngano au magugu. Wewe unalijua hili kwa mikono yako. Umeme ukiwapo na mota ikinguruma, mashine husaga kila kinachomiminwa pale juu, yawe mahindi safi au mahindi yenye mchanga, na unga unaotoka chini hueleza kilichoingia. Ulichokuwa ukijaribu tangu Ramadhani ni kuisimamisha mashine kwa kuushika mkanda unaozunguka. Mkono umeumia, na mashine haikusimama.

Sasa tuje kwenye mawazo machafu, ambako kuushika mkanda huumiza zaidi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwaomba watu wakae dakika tano wakisema kila kinachowajia kichwani, isipokuwa wasimwaze dubu mweupe. Na kila wakimwaza, wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye watu hao waliporuhusiwa kumwaza, walimwaza zaidi kuliko wenzao ambao waliruhusiwa tangu mwanzo. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ili akili ihakikishe kwamba wazo fulani halipo, inalazimika kuendelea kulitafuta, na kulitafuta ni kuliwaza. Ndiyo maana ukiingia kwenye swala huku ukijiambia, leo yale maneno yasije, tayari umeyafungulia mlango na kuyawekea kiti.

Utaniuliza: kwa nini yaje hayo, tena juu ya Mwenyezi Mungu, tena katika swala? Kwa sababu mawazo ya namna hii huenda pale penye thamani kubwa kwa mtu. Mama anayempenda mtoto wake mchanga hujiwa ghafla na picha ya kumdondosha. Dereva mwangalifu hujiwa na picha ya kumgonga mpita njia. Mtu anayemcha Mungu hujiwa na tusi juu ya Mungu. Asiyejali swala, wazo kama hilo likimpitia, halimshtui wala halikumbuki. Wewe linakushtua, na ule mshtuko ndio unaoiambia akili kwamba hapa pana jambo kubwa, ilinde zamu isilale. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, uligundua kwamba takriban asilimia 94 yao walikuwa wamejiwa na angalau wazo moja lisilotakiwa, la jambo baya au la kuogofya, katika miezi mitatu iliyotangulia. Tofauti kati yao na yule anayeteseka haiko katika wazo lenyewe. Iko katika maana anayolipa na vita anavyolipigia.

Na jambo hili masahaba walilijua kabla ya wanasaikolojia. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba baadhi yao walimwendea Mtume wakamwambia kuwa wanakuta katika nafsi zao mambo ambayo mmoja wao anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyakuta hayo. Wakasema ndiyo. Akawaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Hakuwauliza ni maneno gani, hakuwaamuru wasilimu upya, hakuwarudisha kwenda kutawadha. Aliutazama ule uzito wao wa kuyachukia maneno hayo, akauita imani. Basi rafiki yako aliyekuita mnafiki amekosea, ingawa naamini hakukusudia ubaya. Mnafiki hufurahia kuficha kile anachokiamini. Wewe unalia kwa kile usichokiamini. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zao zinazungumza ndani, maadamu hawajayatenda wala kuyasema.

Lugha yetu yenyewe inakusaidia hapa, ingawa tumeisahau. Siku hizi tukisema wasiwasi tunakusudia hofu tu: nina wasiwasi na kodi ya nyumba, nina wasiwasi na mtoto. Lakini neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mnong’ono. Sura ya mwisho ya Qurani, An-Nas, inatufundisha kujikinga na shari ya mnong’onaji anayerudi nyuma. Mnong’ono ni kitu unachokisikia, hukukisema wewe. Mtu akikunong’oneza upuuzi sikioni wakati unapima gunia, hutaacha kupima ukaanza kujibishana naye, wala hutakwenda kuosha sikio. Utaendelea kusoma mizani.

Kuhusu jini, nitakuambia ninavyoona kwa uaminifu. Sisi tunaamini kuwapo kwa majini, na sitamcheka anayelitaja. Lakini katika yale uliyonieleza sioni kitu kinachohitaji maelezo hayo: unafanya kazi, unaandika hesabu, unajua unachokisema, na unajua kuwa mawazo hayo hayaendani na unavyoamini. Kujisomea Ayatul Kursiyyu na sura za kinga ni jambo jema ambalo halihitaji mtu wa kati. Ninalokuonya ni kwenda kwa mtu atakayedai fedha nyingi, au kukuchapa, au kukunyima chakula na usingizi ili kitu kitoke. Nimeona watu waliotoka huko wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia, kwa sababu mwili uliochoka na akili isiyolala huzidisha mnong’ono.

Sasa nifike kwenye lile lililonitia wasiwasi mimi, kwa maana ya kawaida ya neno. Niliwahi kumshauri kijana mmoja, ambaye nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, aliyeniomba nimsindikize msikitini nione mwenyewe. Alikaa kwenye bomba la udhu. Aliosha mkono wa kulia hadi kiwiko, akauinua, akautazama dhidi ya mwanga, akaona kama pale chini ya kiwiko maji hayakufika, akaosha tena. Safari ya tatu alikuwa amekwishasahau kama alisukutua, akaanza upya kutoka mwanzo. Watu watatu walitawadha kwenye bomba la pembeni wakaondoka. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa maji. Swala ilipokimiwa yeye bado alikuwa pale, na machozi yalikuwa yakimtoka pamoja na maji, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeyaona. Kijana yule hakuwa mvivu wa dini. Alikuwa amenaswa na mtego ambao kila akijitahidi kujinasua unabana zaidi, na nakueleza habari zake kwa sababu alianza kama wewe, kwa kurudia mara tatu au nne.

Mtego huo hufanya kazi hivi. Shaka inakuja: huenda udhu haukutimia. Shaka inaleta dhiki. Unarudia udhu, dhiki inapungua kwa muda mfupi, nawe unapata raha kidogo. Ile raha ndiyo inayokufunga, kwa kuwa akili yako imejifunza kwamba shaka ile ilikuwa ya kweli na kwamba dawa yake ni kurudia. Kesho shaka inarudi ikiwa na nguvu zaidi, na mara moja haitoshi tena. Isha mara tano, ndugu yangu, haikuwa ibada iliyozidi. Ilikuwa ni kumlipa mdai ambaye kila akilipwa anaongeza deni.

Na hapa sheria yenyewe iko upande wako. Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayedhani kuwa udhu wake umetenguka akiwa ndani ya swala, akasema asitoke mpaka asikie sauti au anuse harufu. Bukhari na Muslim wameipokea. Kutoka humo mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wakajenga kanuni kwamba yakini haiondolewi kwa shaka. Na wengi wao wakaenda mbali zaidi: yule ambaye shaka zake zimekuwa ugonjwa wa kila siku hatakiwi kuzifuata kabisa, bali huzipuuza na kuendelea na ibada yake. Kwa hiyo ninapokuambia utawadhe mara moja na uswali mara moja, sikupi ruhusa ya mtu wa saikolojia anayeilegeza dini. Nakurudisha kwenye dini yenyewe.

Udhu mara moja, basi, ukiosha kila kiungo mara tatu kama kawaida, kisha ufunge bomba na kuondoka hata kama moyo unapiga kelele. Utahisi vibaya. Siku za kwanza utahisi vibaya sana, na hilo nakuambia mapema ili usidhani umekosea. Dhiki hiyo ukiiacha bila kuilipa hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Mara nyingine kwa dakika chache, mara nyingine kwa muda mrefu zaidi. Katika swala, lile neno chafu likija, lijue kwa jina lake, huu ni wasiwasi, kisha uendelee na aya uliyokuwa unasoma. Usijibu, usikanushe, usirudi mwanzo wa Fatiha. Kujikinga kwa Mwenyezi Mungu ni sunna, lakini kwa hali yako nakuomba ufanye mara moja tu. Nimeona audhu billahi ikigeuka yenyewe kuwa kitu cha kurudiwa mara kumi mpaka mtu aridhike, na hapo mnong’ono umeshinda kwa kutumia maneno ya kinga. Ni vivyo hivyo kwa kuuliza uliza. Chagua imamu mmoja mwenye elimu ya fiqhi na subira, umweleze hali yako yote kwa siku moja, ushike atakalokujibu. Ukizunguka kutoka Kisenyi hadi Kibuli ukitafuta shekhe wa tatu na wa nne akuthibitishie kwamba swala yako inafaa, hiyo ni Isha ya sita.

Kuhusu zile hesabu za magunia, mambo ni mepesi zaidi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametoa mfano wa mtu anayetaka kutulia chini ya mti lakini ndege wanamsumbua kwa kelele. Anawafukuza kwa fimbo, wanaruka, anarudi kwenye fikra zake, nao wanarudi. Aliambiwa kwamba akitaka kupumzika, aukate mti. Mti wako, nadhani, ni daftari lisilofungwa. Unaacha gunia likiwa kwenye mizani, mteja amesimama, fedha zimehesabiwa nusu, unakimbilia swala. Unategemea akili ifanye nini? Jaribu kumaliza lile gunia, uandike tarakimu, uchore mstari chini ya hesabu, na kama kuna deni la kufuatilia uandike neno moja la kukukumbusha baada ya swala. Akili hulegeza mshiko wake inapojua kwamba jambo limewekwa mahali. Mtume mwenyewe aliwahi kuswali katika vazi lenye nakshi, zikamvuta macho, na alipomaliza akaagiza lipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe vazi lisilo na nakshi. Hakukaa kupigana na nakshi, alilivua vazi. Simu yako basi ibaki kwenye droo ya mizani, kwani simu iliyozimwa sauti lakini imelala kwenye mfuko wa kanzu bado inaning’inia mawazoni.

Ndani ya swala kuna jambo moja ambalo huwasaidia karibu wote ninaowashauri: jifunze maana ya maneno unayoyasema, neno kwa neno, kwa lugha inayokugusa. Wengi wetu tulihifadhi Fatiha tukiwa watoto wa madrasa, na ulimi umeizoea kiasi kwamba hauhitaji akili. Basi akili, ikikosa kazi, inakwenda sokoni. Mpe msagaji nafaka. Badilisha pia sura unazozisoma, maana sura ile ile fupi kila rakaa hujisoma yenyewe. Na unapogundua kwamba umekwenda mbali, rudi bila kujikaripia. Dakika unayoitumia kujikaripia ni dakika nyingine uliyoko nje ya swala. Ukirudi mara ishirini katika rakaa nne, umemrudia Mola wako mara ishirini, na mimi siioni hesabu hiyo kuwa hasara.

Swali lako la mwisho, la kubaki na Mungu siku nzima kazini, linanigusa kwa sababu lina heshima ndani yake, lakini limejengwa juu ya dhana ambayo ningependa uitupe. Unadhani kumkumbuka Mungu ni kuwa na neno la Mungu mbele ya akili kila dakika, na kwamba unapowaza kilo na shilingi umemsahau. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, alidhani hivyo pia. Alimwambia Abu Bakr kwamba Hanzala amekuwa mnafiki: tukiwa kwa Mtume tunaikumbuka Pepo na Moto kana kwamba tunaviona kwa macho, tukirudi kwa wake zetu, watoto na mali zetu tunasahau mengi. Abu Bakr akamjibu kwamba hata yeye hukutwa na hali hiyo, wakaenda wote wawili kwa Mtume. Akawaambia kwamba lau wangedumu katika ile hali wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani. Lakini, ewe Hanzala, saa na saa, yaani saa ya hili na saa ya lile. Alilisema mara tatu, na imo katika Sahihi Muslim. Kama Abu Bakr alikuwa na saa na saa, sijui ni nani aliyekutaka wewe uwe na saa moja tu isiyokatika.

Tena fikiri ni kazi gani umepewa. Wewe unasimama kwenye mizani. Kuna sura nzima ya Qurani, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa ole kwa wanaopunja, ambao wakijipimia kwa watu hujaza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Pale mteja anapokuja kutoka Mityana au Kayunga na mahindi yake, akatazama mshale wa mizani bila kujua kuusoma, na wewe ukaandika kilo zake zote bila kupunguza hata moja, akili yako ilikuwa kwenye kilo, na ndipo ilipotakiwa kuwa. Ungekuwa umefumba macho ukileta uradi huku tarakimu ikikosewa, ningeogopa zaidi. Qurani inawasifu watu ambao biashara wala kuuza hakuwashughulishi wakaacha kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Haikusema hawafanyi biashara.

Hata hivyo naelewa kiu yako ya kitu cha kukushika kati ya adhuhuri na alasiri. Usijiwekee idadi kubwa. Chukua kitendo kimoja ambacho hukifanya kila saa kwa vyovyote, kama kuliweka gunia kwenye mizani, na ukiambatanishe na Bismillah ya kusemwa kwa utulivu. Kingine kiwe ni kuandika tarakimu: alhamdulillahi, kisha gunia linalofuata. Kelele za mashine hazizuii hilo. Ulimi wako uko karibu na sikio lako kuliko mota. Siku utakayosahau mpaka jioni, usilipe kadha ya magunia yaliyopita. Anza na linalofuata.

Nabaki na jambo la msaada wa ana kwa ana, na nitalisema wazi kwa sababu siwezi kukupima kwa barua. Jaribu haya ya udhu mara moja na swala mara moja kwa wiki tatu hivi. Kama unaweza, hata kwa taabu, na kurudia kunapungua, endelea. Lakini kama kurudia, pamoja na kuwaza juu ya kurudia, kunakula zaidi ya saa moja ya siku yako, au unachelewa kazini, au umeanza kuikwepa swala kwa kuogopa yale maneno, hapo ni maradhi yanayojulikana na yana tiba, usiyangojee. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na nafsi, akaupa wasiwasi nafasi yake miongoni mwa maradhi ya nafsi pamoja na hasira, hofu na huzuni. Kwenda kwa daktari kwa ajili ya wasiwasi, kwa hiyo, si uzushi wa jana.

Hapa Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Gulu na Mbale, zina vitengo vya afya ya akili. Najua jina la Butabika linavyotamkwa mtaani. Lakini wagonjwa wengi huenda kwenye kliniki ya kutwa, wanaonana na mhudumu, wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tiba zenye msingi imara ni mbili. Moja ni mazungumzo yaliyopangwa, ambamo mtaalamu anakusaidia kukabili hatua kwa hatua kile unachokiogopa huku ukijizuia kurudia. Inafanya kazi vizuri, ila wanaoijua ni wachache, na inataka uhudhurie mara nyingi, na nauli ni nauli. Nyingine ni dawa, mfano fluoksetini, ambazo huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kusema kama zinasaidia au la. Mwanzoni zinaweza kuleta kichefuchefu au kuvuruga usingizi, na hazifai kuachwa ghafla bila ushauri. Hazikufanyi uwe mtumwa wake wala hazikuondolei imani. Watu wengi huhitaji zote mbili. Swala na dua hubaki mahali pake. Mtume amewaambia waja wa Mwenyezi Mungu watafute tiba.

Kuna hali ambazo hazingoji wiki tatu wala wiki moja. Ukianza kuwaza kujidhuru au kwamba heri usingekuwapo, ukikaa siku kadhaa bila usingizi, au ukianza kusikia sauti inayotoka nje yako na kukuamuru, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo na mwende pamoja hospitali iliyo karibu. Kwa Kiganda wanasema mtu ana ebirowoozo bingi, yaani mawazo mengi, na watu wengi hapa wakisikia hivyo hukuachia nafasi ukae peke yako upumzike. Usikubali kuachwa peke yako.

Unapokwenda kwa mtaalamu, chukua ukurasa mmoja wa daftari. Andika ni lini ilianza, unarudia nini, mara ngapi, na muda gani unapotea. Yale maneno yenyewe huna haja ya kuyaandika. Sema tu kwamba ni maneno ya kumtukana Mungu, naye, akiwa anaijua kazi yake, ataelewa bila kuuliza zaidi.

Na kwa leo, swali Isha mara moja. Ukitoa salamu na moyo ukakuambia haikutimia, uache uendelee kusema, ukunje mswala, ukale chakula cha usiku na watu wa nyumbani kwako.